Kuwaka Si Kufanya Kazi: Kufungua na Kupima Kamera Kongwe ya Video ya Kasi ya Juu katika Maabara za Kigali

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hatua za kufungua, kukagua na kupima kamera ya video ya kasi ya juu iliyoundwa katika miaka ya 1990, kwa kuzingatia mazingira ya Kigali. Hoja kuu ni kwamba mpaka kati ya kifaa kilichotumika na taka ya kielektroniki hauwekwi na umri wa kifaa, wala na taa inayowaka kinapounganishwa na umeme. Mpaka huo huwekwa na kipimo. Kamera inayowaka lakini inayokosea kuhesabu muda haina faida kwa mtafiti. Kamera isiyowaka nayo huenda inahitaji tu vipuri vichache vya bei nafuu. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kuhusu cheti cha kipimo kinachoweza kusomwa na maabara, forodha na mamlaka za mazingira katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Kamera ya kawaida ya video hunasa fremu 25 au 30 kwa sekunde. Idadi hiyo hulitosheleza jicho la mtazamaji, lakini haimtoshi mtafiti anayechunguza tukio linaloanza na kumalizika kabla fremu inayofuata haijanaswa. Chukua mfano wa rafadha ya droni inayozunguka mara 6,000 kwa dakika. Rafadha hiyo hukamilisha mizunguko 100 kila sekunde, hivyo kati ya fremu mbili za kamera ya fremu 25 huwa imezunguka mara nne. Kamera ya fremu 4,500 kwa sekunde huugawa mzunguko mmoja katika fremu 45, yaani nyuzi 8 kwa kila fremu. Nchini Rwanda, ambako kampuni ya Zipline ilianza mwaka 2016 kusafirisha damu kwa droni kutoka Muhanga, mfano huu una uzito wa kivitendo. Ndivyo ilivyo pia kwa uchunguzi wa radi, mruko wa wadudu na mipasuko ya vifaa vya ujenzi.

Kamera mpya za aina hii ni ghali mno kwa idara nyingi za vyuo vya ukanda wetu. Wakati huohuo, maabara za Ulaya, Marekani na Japani huziondoa kamera za zamani kila zinaponunua mpya. Swali linalotukabili ni hili: kamera ya namna hiyo inapofika Kigali, je, ni chombo cha sayansi au ni taka iliyobadilishwa jina?

2.0 Sheria inauliza kama kifaa kinafanya kazi

Mkataba wa Basel, uliopitishwa mwaka 1989, husimamia usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi na nchi. Mabadiliko yake yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yamezijumuisha taka zote za kielektroniki, ziwe hatari au la, katika utaratibu wa nchi inayopokea kuarifiwa na kutoa idhini kabla shehena haijasafirishwa. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 ulikwenda mbali zaidi kwa kupiga marufuku uingizaji wa taka hatari barani Afrika. Rwanda ni mwanachama wa Mkataba wa Basel. Aidha, ina kanuni za usimamizi wa taka za kielektroniki zilizotolewa na mamlaka ya udhibiti, RURA, mwaka 2018, pamoja na kituo cha kuchakata taka hizo katika Wilaya ya Bugesera kinachoendeshwa na Enviroserve Rwanda.

Mfumo huu wote umesimama juu ya tofauti moja, yaani tofauti kati ya taka na kifaa kilichotumika. Miongozo ya kiufundi ya Mkataba wa Basel huitafuta tofauti hiyo katika ushahidi kwamba kifaa kimepimwa, katika hati zinazoambatana nacho na katika ufungashaji unaokilinda. Kwa friji au simu, kupima utendaji ni jambo jepesi kwa kiasi: friji inapoza, simu inapiga. Kwa chombo cha upimaji hali ni nyingine, kwa sababu kazi yake ni kutoa namba iliyo sahihi. Kamera ya kasi ya juu ni saa inayopiga picha. Saa inayokwenda huku ikikosea haiwezi kusemwa kwamba inafanya kazi.

3.0 Kamera hii hufanyaje kazi

Mfano mzuri wa kizazi hicho ni Kodak Ektapro HS 4540. Kihisi chake kina pikseli 256 kwa 256, na huweza kunasa fremu kamili 4,500 kwa sekunde, au hadi 40,500 fremu inapopunguzwa ukubwa. Tukichukua baiti moja kwa kila pikseli, fremu moja ina baiti 65,536, na sekunde moja huzalisha takriban megabaiti 295. Hakuna diski ya miaka hiyo ambayo ingeweza kupokea data kwa kasi hiyo, na ndiyo maana picha zilihifadhiwa kwanza katika kumbukumbu ya kielektroniki ambayo hufutika umeme unapozimwa. Kumbukumbu yenye nafasi ya fremu 1,024 hujaa kwa sekunde 0.23. Fremu hizo zikioneshwa kwa kasi ya 30 kwa sekunde, robo hiyo ya sekunde huwa onesho la sekunde 34.

Kutokana na hesabu hiyo, mkaguzi anapaswa kuitazama kamera kama mnyororo wenye viungo vitano: kitengo cha umeme, kihisi, njia za kusomea kihisi, kumbukumbu, na saa ya ndani inayoamua fremu inanaswa lini. Kila kiungo huharibika kwa namna yake, na kila uharibifu huacha alama yake katika picha.

4.0 Kufungua na kukagua kabla ya kuwasha

Kosa la kwanza la kuepukwa ni kuichomeka kamera kwenye umeme ili kuona kama itawaka. Umeme wa Rwanda ni wa volti 230 na hezi 50, ilhali kifaa kilichonunuliwa Marekani au Japani huenda kilipangwa kwa volti 120 au 100. Kibandiko cha nyuma na swichi ya kuchagua volti vikaguliwe kwanza. Mkaguzi pia akumbuke kwamba katika vitengo vingi vya umeme vya aina hii, kapasita kuu hubeba volti zipatazo 325, na huweza kubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa. Ni lazima chaji hiyo iondolewe kupitia kizuizi cha umeme, kisha ithibitishwe kwa mita, kabla mkono haujaingia ndani.

Baada ya hapo jalada hufunguliwa. Kila hatua ipigwe picha kwa simu, na skrubu za kila hatua ziwekwe katika kijaluba chake zikiwa na namba. Mambo manne huchunguzwa kwa macho. La kwanza ni kapasita za kimiminika zilizolehemiwa juu ya bodi. Nyingi za miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990 huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba. Dalili zake ni rangi ya kijani, lehemu iliyofifia na harufu kama ya samaki. La pili ni betri ndogo ya kutunza mipangilio, ambayo nayo huvuja. La tatu ni feni na matundu ya hewa. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya moja ya sita, hivyo feni ileile hupooza kwa nguvu ndogo zaidi. La nne ni lenzi na kioo cha kihisi, ambavyo huweza kuwa na kuvu ikiwa kamera ilihifadhiwa penye unyevu.

Kapasita zilizovuja hubadilishwa, na ubao huoshwa kwa alkoholi safi. Ndipo kitengo cha umeme kipimwe peke yake, kikiwa kimetenganishwa na kihisi na kumbukumbu, huku balbu ya kizamani yenye waya wa tungsteni ikiwa imeunganishwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna mkato ndani. Ikimweka mara moja na kufifia, kitengo kinaelekea kuwa salama. Volti za kila tawi hupimwa kwa mita, na mtetemo wake kwa osiloskopu. Kamera yote huunganishwa pale tu volti hizo zinapolingana na zilizoandikwa kwenye bodi au katika kitabu cha fundi.

5.0 Kupima picha

Kipimo cha kwanza cha picha ni cha giza: kifuniko cha lenzi hubaki mahali pake na kamera hurekodi. Cha pili ni cha weupe: kamera huelekezwa kwenye karatasi nyeupe iliyomulikwa sawasawa kwa taa isiyopepesa. Katika giza, pikseli zinazong'aa ni mbovu. Katika weupe, zilizo nyeusi ni mbovu au zimefunikwa na vumbi. Vumbi huhama kihisi kinaposafishwa, pikseli mbovu hazihami.

Mpangilio wa kasoro humwongoza fundi. Mistari inayobaki katika safu zilezile kwenye kila fremu huashiria kihisi au njia zake za kusomea. Kasoro inayojitokeza katika fremu fulani na kurudi kwa vipindi vilivyo sawa huashiria kumbukumbu. Tofauti hii ina maana kubwa kiuchumi, kwani vipande vya kumbukumbu huweza kubadilishwa, ilhali kihisi cha aina hiyo hakipatikani tena kwa urahisi.

6.0 Kupima muda

Kasi ya fremu ikikosewa kwa asilimia 1, kasi ya kitu inayokokotolewa hukosewa kwa asilimia 1, na mchapuko hukosewa kwa asilimia 2. Kosa hili halionekani katika picha, kwa kuwa picha zitakuwa safi na mwendo utaonekana laini. Kwa hiyo muda upimwe kwa njia tatu, kuanzia ile ya kukadiria hadi ile ya uhakika.

Njia ya kwanza ni balbu ya tungsteni. Kwa umeme wa hezi 50, mwanga wake hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Kwa kasi ya 4,500 tunatarajia fremu 45 kati ya vilele viwili. Masafa ya gridi hayatulii kikamilifu, kwa hiyo njia hii hubaini makosa makubwa tu.

Njia ya pili ni kuangusha gololi. Kutoka sentimita 20, gololi huchukua sekunde 0.202, yaani fremu 910 kwa kasi ya 4,500, na tukio zima linaenea katika kumbukumbu ya fremu 1,024. Hapa itumike thamani ya mvutano inayofaa Kigali, takriban 9.78, badala ya 9.81 ya vitabu vingi vya Ulaya. Tofauti hiyo huleta zaidi kidogo ya fremu moja. Hata hivyo, kosa la milimita moja katika kupima kimo huleta fremu mbili na zaidi, hivyo rula ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko thamani ya mvutano.

Njia ya tatu ni safu ya taa kumi za LED zinazowaka moja baada ya nyingine, kila moja kwa milisekunde moja. Fremu zikihesabiwa kwa sekunde 0.2, usahihi wa takriban asilimia 0.1 hupatikana, na fremu yoyote iliyorukwa hujitokeza mara moja. Saa inayoendesha taa hizo iwe ya kioo cha kwazi. Baadhi ya bodi za bei nafuu hutumia kitetemeshi cha kauri ambacho kosa lake huweza kufikia asilimia 0.5. Mpigo wa GPS, unaotoka mara moja kwa sekunde, hauwezi kuingia mara mbili ndani ya robo sekunde. Kazi yake ni kuisahihisha saa ya taa kabla ya jaribio.

7.0 Cheti na lugha yake

Matokeo ya hatua hizi yaandikwe katika cheti cha ukurasa mmoja kinachoonesha volti zilizopimwa, idadi ya pikseli mbovu, kasi ya fremu iliyothibitishwa pamoja na kiwango cha kosa lake, vipuri vilivyobadilishwa, na tarehe. Shehena nyingi za Rwanda hupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Rusumo, na Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017. Cheti cha Kiswahili chenye istilahi thabiti kama kihisi, fremu, kumbukumbu na kasi ya fremu kitasomwa pande zote mbili za mpaka na ofisa asiyekuwa mhandisi. Hapa kazi ya wanaistilahi inakutana moja kwa moja na kazi ya forodha.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vyuo vinavyopokea vyombo vya upimaji kama msaada vidai matokeo ya kipimo kabla ya shehena kuondoka ng'ambo, na virudie kipimo hicho baada ya kuipokea. Pili, Bodi ya Viwango ya Rwanda na taasisi wenzake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ziandae utaratibu mfupi wa kupima vyombo vilivyotumika, wenye kigezo cha usahihi juu ya kigezo cha kuwaka. Tatu, kamera inayoshindwa ivuliwe lenzi, feni na vipuri vizima kwanza, ndipo mabaki yapelekwe Bugesera yakiwa na orodha ya vilivyomo.

Kukataa kila kilicho kikuukuu kutainyima maabara vyombo ambavyo isingeweza kuvinunua. Kupokea kila kinachowaka kutaigeuza maabara kuwa ghala la taka, na kutaingiza namba zisizo sahihi katika tafiti zinazotegemewa na watunga sera. Kati ya njia hizo mbili kuna siku moja ya kazi ya fundi mwenye bisibisi, mita na safu ya taa kumi, na gharama ya siku hiyo ni ndogo kuliko ya makosa yoyote kati ya hayo mawili.