Mgeni Peke Yake katika Nchi za Wamalai

Vijana wetu wa Pemba siku hizi waenda masomoni mbali kuliko walivyokwenda baba zao. Zamani safari ya kutafuta elimu ilikuwa ni Unguja, au Lamu, au Hadhramaut, na aliyebahatika zaidi alifika Makka na Misri. Leo twasikia mtoto wa jirani amekubaliwa Malaysia, katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa huko mwaka 1983, na wazazi wake hawajui hata ni upande gani wa dunia ilipo nchi hiyo. Hapa Chokocho tumeulizwa zaidi ya mara moja, tukikaa barazani baada ya sala ya Alasiri: Je, yafaa kumwachia kijana aende peke yake katika nchi ambayo hapana mtu wetu aliyepata kuikanyaga? Suala hili si dogo kwa mzazi aliyeuza karafuu za misimu miwili ili apate nauli, nasi twaona lastahili kujibiwa kwa utulivu.

Ni kweli kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alitahadharisha mtu kusafiri peke yake usiku, na wako maulamaa walioeleza kuwa makusudio ni khofu ya njia na kukosa msaada. Mwenye kupanda ndege pamoja na abiria mia mbili hayumo katika upweke wa mpanda ngamia jangwani. Upweke wake huanza pale anaposhuka. (Kijana wa kike ana hukumu zake katika mlango huu, nazo tutazieleza siku nyingine inshallah.)

Aliyetutangulia katika jambo hili ni Ibn Battuta. Alitoka kwao Tanja, nchi ya Moroko, mwezi wa Juni 1325, naye ni kijana wa miaka 21, hana rafiki wala msafara. Mwaka 1331 akafika pwani yetu hii: Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kisiwa chetu hakukitaja, nasi hatumlaumu. Baada ya miaka kiasi cha 14, baina ya 1345 na 1346, akafika Samudra, kaskazini ya kisiwa cha Sumatra, ambacho leo kimo katika nchi ya Indonesia. Basi huyu ni mtu mmoja aliyeziona pwani mbili, yetu na yao, kwa macho yale yale, na khabari zake zimeandikwa.

Tazama alivyopokewa. Mogadishu, chombo kilipotia nanga, vijana walitoka kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, wakitafuta wageni wa kuwakaribisha. Samudra nako watu walitoka kwa vyombo vidogo wakileta nazi, ndizi, maembe na samaki. Mogadishu aliletewa tambuu na popoo. Samudra, baada ya chakula, ikaja tambuu. Alipewa na nguo za kujifunga kiunoni, kwani watu wa huko walizivaa mahali pa suruali. Nasi twazijua, maana misuli na saruni za hapa kwetu ni ndugu zake. Mfalme wao, al-Malik al-Zahir, alikuwa wa madhehebu ya Imamu Shafii kama sisi, na siku ya Ijumaa akienda msikitini kwa miguu.

Adabu moja ya watu hao imetupendeza kupita zote. Mgeni hakupelekwa kwa mfalme siku ile ile. Aliachwa siku tatu apumzike, uchovu wa bahari umtoke na akili yake imrudie, huku akiletewa chakula mara tatu kwa siku. Siku ya nne, nayo ilikuwa Ijumaa, ndipo wakaonana msikitini. Kijana wetu naye na ajipe siku tatu hizo. Asikodi chumba cha mwaka mzima, asimkopeshe mtu fedha, wala asimpigie mama yake simu akalia kwamba nchi ni mbaya. Mwili uliotoka safarini hauna hukumu sahihi.

Kilichomfungulia Ibn Battuta milango hakikuwa fedha. Watu wa Mogadishu walipoambiwa kuwa huyu si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, kadhi mwenyewe alikuja kumpokea. Na mlango huo haujafungwa. Ile Safina tunayowaanzia watoto chuoni, mtungaji wake, Sheikh Salim bin Sumeir, alikuwa Mhadhrami, akafariki Batavia, mji uitwao leo Jakarta, mwaka 1271 wa Hijria, yaani kiasi cha mwaka 1855. Watoto wa huko huisoma vilevile, na Maulidi Barzanji huyasoma kama tuyasomavyo. Hata lugha si ngeni kabisa. Mmalai akikutana nawe hukuuliza, "Apa khabar?", naye ataka khabari yako. Sabuni kwao ni sabun, dunia ni dunia, akili ni akal, na wakati ni waktu. Asubuhi atakula wali wa nazi kwa dagaa wa kukaanga, na sokoni atakuta shokishoki na duriani, matunda yaliyotoka huko yakaja kwetu.

Lakini mfanano huu una hadaa yake, na hapa ndipo tunapotaka msomaji atusikilize. Ibn Battuta huyo huyo, katika khabari za nchi hizo, alieleza kuwa kungumanga ni tunda la mkarafuu, na basibasi ni ua lake, akasema ameyaona hayo kwa macho yake. Mtoto yeyote wa Pemba aliyepata kuanika karafuu atacheka. Karafuu ni tumba la ua lichumwalo kabla halijafunguka. Kungumanga ni mti mwingine mbali, na basibasi ni utando mwekundu unaoizunguka kokwa yake. Wakati ule mikarafuu ilikuwa katika visiwa vichache tu vya Maluku, kama Ternate na Tidore, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Samudra, na yumkini aliyoyaona ni magunia bandarini, mengine akasimuliwa. Mtu mwenye elimu na akili nyingi, baada ya kukaa siku kumi na tano, alichanganya miti miwili.

Basi kijana asidhani kuwa amekwisha kuijua nchi kwa kuwa amesikia adhana. Malaysia ina Wachina na Wahindi wengi wasio Waislamu, na si kila mkahawa wenye wali wa nazi una nyama ya halali; aulize. Kibla ya kwetu ni kaskazini, ya huko ni magharibi ikielekea kaskazini kidogo, na tumesikia ya waliosali siku mbili kwa mazoea ya nyumbani. Saa zao zimetutangulia kwa tano, hata mama akipiga simu baada ya Isha anamwamsha mwanawe usiku wa manane.

Na liko jambo lililo zito kuliko yote hayo. Ada yetu ni kwamba mwenye kusafiri hubebeshwa: huyu amletea kifurushi cha ami yake, yule bahasha ya rafiki. Sheria za dawa za kulevya katika Malaysia, Singapore na Indonesia ni kali mno, na adhabu yake yaweza kufika kifo. Hakimu hatauliza kama mzigo ulikuwa amana. Kuitunza amana ni wajibu kwa aliyeipokea. Kuipokea si wajibu. Mzigo ambao kijana hakuufunga kwa mikono yake na asiubebe, hata aliyeuleta akiwa ni mzee wa mtaa, na mzazi ndiye apasaye kusimama mlangoni akawarudisha watu kwa maneno mazuri, kwa sababu kijana ataona haya.

Ibn Battuta alirudi Samudra mara ya pili, akitoka Uchina. Safari hii hakungojeshwa siku tatu akipumzishwa kama mgeni; alikuta harusi ya mtoto wa mfalme, akahudhuria pamoja na watu wa nyumba, akakaa miezi miwili. Alipoaga, mfalme alimzawadia udi, kafuri, sandali na karafuu.