JE, WAJUA? Mbuyu wa mtaani huchanua usiku
Ua la mbuyu, mti uliozoeleka mitaani Dodoma, hufunguka jua likizama. Popo huja kunywa mbochi na kuondoka na chavua. Kesho yake ua limenyauka.

• Kiangazi mbuyu hukaa miezi mingi bila majani. Haufi njaa: chini ya gome lake kuna tabaka la kijani linalotengeneza chakula.

• Shina huvimba mvua zikinyesha, hunywea ukame ukikaza.

• Gome likibanduliwa kusokotwa kamba, huota jipya. Miti mingine mingi ikivuliwa gome kuzunguka shina, hufa.

• Mwaka 1947 Waingereza walipeleka matingatinga Kongwa, mashariki mwa Dodoma, wafyeke pori walime karanga. Mibuyu iliwatoa jasho.