Mzazi, usimcheke mwanao akitaka kusomea 'mabomba' ya hospitali

Sumbawanga. Anayesafiri kutoka mjini Sumbawanga kwenda Mtowisa asubuhi ya mwezi wa sita huanza safari amevaa sweta na kuimaliza akijifuta jasho. Mji uko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mtowisa iko chini, katika Bonde la Ziwa Rukwa, ambako ziwa lenyewe liko karibu mita 800. Katikati kuna mteremko wa milima ya Lyambalyamfipa, ambao madereva wa njia hiyo wanaujua kwa kila kona.

Juu ni baridi, bondeni ni joto. Lakini jengo la wazazi la kituo cha afya cha Serikali, liwe juu au bondeni, kwa kawaida hujengwa kwa ramani ile ile.

Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wazazi wengi hawajawahi kulifikiria. Nani anayehakikisha kwamba ndani ya jengo hilo mtoto mchanga hatapata baridi huku Ufipa, na mama yake hatazimia kwa joto kule Mtowisa? Nani anayepiga hesabu ya maji, hewa, umeme na maji taka kabla fundi hajamwaga zege?

Kazi hiyo ina wenyewe. Ni wahandisi wa mifumo ya majengo, na ni fani inayosomwa hadi shahada ya uzamili.

'Unasomea vyoo?'

Katika familia nyingi mazungumzo huwa yanafanana. Kijana amemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi. Wazazi wanangoja aajiriwe, wadogo zake wanangoja ada. Yeye anarudi nyumbani akisema anataka kuendelea na masomo. Baba anauliza atasomea nini. Akijibu "mifumo ya majengo", mama anataka kujua ndio nini hicho. Akieleza kuwa ni maji, hewa, umeme na maji taka, sebule nzima inacheka: "Yaani uende chuo kikuu mara ya pili kusomea mabomba na vyoo?"

Kicheko hicho kinaeleweka, kwa kuwa mtu huona jengo na haoni kilichofichwa ukutani. Njia rahisi ya kuelewa ni kulifikiria jengo kama mwili. Msanifu hutoa sura yake. Mhandisi wa ujenzi huhakikisha mifupa inabeba uzito. Mhandisi wa mifumo hushughulikia mapafu, mishipa ya damu na utumbo: hewa inayoingia na kutoka, maji safi, umeme, maji taka, mwanga, tahadhari za moto na, kwa hospitali, mabomba ya oksijeni.

Mtu mwenye mifupa mizuri na mapafu mabovu hana afya. Jengo nalo ni hivyo hivyo.

Wodi moja, hali mbili za hewa

Mtoto mchanga hawezi kulinda joto la mwili wake kama mtu mzima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chumba cha kujifungulia kiwe na joto lisilopungua nyuzi 25 za Selsiasi, na mwili wa kichanga usishuke chini ya nyuzi 36.5. Juu Ufipa, katika usiku wa Juni na Julai, chumba chenye dirisha lisilofunga vizuri na dari iliyoachia hakiwezi kufikia kiwango hicho bila msaada. Ndiyo maana wakunga husisitiza mtoto akaushwe mara moja, avalishwe kofia na awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Bondeni tatizo ni kinyume chake. Bati linachemka mchana kutwa na joto linabaki ndani hadi usiku. Chanjo lazima zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 8, na jokofu lililowekwa kwenye chumba kisichopitisha hewa huhangaika kulifikia lengo hilo.

Mhandisi wa mifumo halazimiki kuleta kiyoyozi. Mara nyingi jibu lake ni la bei ndogo: jengo ligeuzwe ili madirisha yapokee upepo na kuta ndefu zisipigwe na jua la jioni, mapaa yatokeze zaidi, dari iwekewe kizuia joto, na matundu ya hewa yawe juu ambako hewa ya moto hukimbilia. Lakini mambo hayo huamuliwa kwenye karatasi. Jengo likishasimama, kuligeuza haiwezekani.

Ndoo tatu kila sekunde

Hewa nayo ina hesabu zake. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2009 kuhusu upitishaji hewa wa asili katika vituo vya tiba unashauri wodi ya kawaida ipate lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Ni sawa na ndoo tatu za lita 20 kila sekunde, kwa mgonjwa mmoja. Kwenye vyumba vya wagonjwa wenye maradhi yanayosambaa kwa hewa, kama kifua kikuu, kiwango kinapanda hadi lita 160.

Hewa ya namna hiyo hupatikana bure kama madirisha yanatazamana na yanafunguliwa. Inakosekana pale dirisha moja linapozibwa na kabati na lingine limepigwa misumari kwa kuogopa wezi.

Jambo hili si jipya. Katika vita vya Crimea, mwaka 1855, vifo vya askari katika hospitali ya Scutari nchini Uturuki vilipungua sana baada ya mifereji ya maji taka kusafishwa na upitishaji hewa kuboreshwa. Florence Nightingale, muuguzi aliyekuwa pale, alitumia maisha yake yaliyobaki kudai hospitali zijengwe zikiwa na madirisha pande zote mbili za wodi.

Tangi la lita ngapi?

Maji ndiyo somo ambalo Bonde la Rukwa linalijua kwa uchungu, kwa kuwa vijiji vyake vimewahi kukumbwa na kipindupindu.

Viwango vya WHO vinataka lita 5 kwa kila mgonjwa wa nje, lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila aliyelazwa, na lita 100 kwa kila mama anayejifungua au mgonjwa anayefanyiwa upasuaji.

Chukua mfano wa kituo chenye wagonjwa wa nje 60 kwa siku, waliolazwa 20 na akina mama wanne wanaojifungua. Wagonjwa wa nje wanahitaji lita 300. Waliolazwa, kwa lita 50 kila mmoja, wanahitaji 1,000. Akina mama wanahitaji 400. Jumla ni lita 1,700 kwa siku. Pampu ikiharibika kwa siku mbili, kituo kinahitaji akiba ya lita 3,400. Kwa hiyo tangi la lita 2,000, ambalo machoni linaonekana kubwa, halitoshi. La lita 5,000 linatosha.

Hesabu hiyo ni ya darasa la saba. Ugumu unakuja kwenye yanayofuata: tangi liinuliwe juu kiasi gani ili maji yafike bomba la mwisho, mabomba yawe na unene gani, maji machafu ya chumba cha kujifungulia yaende wapi bila kukaribia kisima, na taa za chumba hicho ziwakeje umeme ukikatika saa nane usiku. Rukwa kwa miaka mingi imetegemea umeme unaonunuliwa kutoka Zambia, na mradi wa njia kuu ya umeme ya TAZA, wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi Sumbawanga, unalenga kuuingiza mkoa huu kwenye gridi ya Taifa. Hata gridi ikifika, mashine ya oksijeni bado itahitaji umeme usiopanda na kushuka, na mtu aliyepanga chanzo cha akiba.

Njia anayopita mtoto

Safari huanzia sekondari. Hisabati, fizikia na kemia ndizo zinazofungua mlango, na kidato cha tano na sita wengi hupitia mchepuo wa PCM. Wapo pia wanaopitia stashahada ya ufundi, kisha wakajiunga na shahada.

Shahada ya kwanza ya uhandisi huchukua miaka minne. Kijana anaweza kuchukua uhandisi mitambo, umeme, ujenzi au mazingira, katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), ambacho kina kampasi mkoani Rukwa. Kwa mzazi wa Mtowisa, hiki cha mwisho ndicho kilicho jirani.

Baada ya kuhitimu anajisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na anaweza kuingia kwenye mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, mpango ulioanza mwaka 2003.

Shahada ya uzamili inakuja baada ya hapo. Uingereza ina historia ndefu katika fani hii na chama chake cha wahandisi wa mifumo ya majengo, CIBSE, kilipata hati ya kifalme mwaka 1976. Vyuo kama Brunel na London South Bank, vyote vya London, vimekuwa vikiifundisha katika ngazi hiyo. Mwanafunzi husoma namna joto linavyosafiri ukutani, upitishaji hewa, maji na maji taka, umeme na mwanga, usalama wa moto na matumizi ya nishati, kisha huandika tasnifu. Kwa anayesoma muda wote ni mwaka mmoja.

Kabla ya kulipa chochote nje ya nchi, familia ithibitishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwamba shahada hiyo itatambuliwa nyumbani.

Fedha itoke wapi?

Hapa ndipo mahali pa kuwa mkweli. Ada ya mwanafunzi wa kigeni Uingereza mara nyingi huzidi pauni 20,000 kwa mwaka, kabla ya nauli, chumba na chakula. Hakuna magunia ya mpunga wala kundi dogo la ng'ombe litakaloweza mzigo huo, na mzazi asijiingize kwenye deni la kuuza shamba. Mikopo ya Bodi ya Mikopo (HESLB) nayo kwa sehemu kubwa imelenga stashahada na shahada ya kwanza.

Njia ya familia ya kawaida ni ufadhili. Chevening, wa Serikali ya Uingereza, hulipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja na humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili, kisha arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili. Upo ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao baadhi yake ni kwa wasioweza kujilipia. DAAD ya Ujerumani nayo ina kozi za maendeleo zinazotaka uzoefu wa miaka miwili.

Mzazi akitazama masharti hayo ataona jambo moja: kazi kwanza, uzamili baadaye. Kijana anayebaki nyumbani akisubiri ufadhili bila kufanya kazi anajifungia mlango. Na yeyote anayedai fedha ili "akupitishie" jina Chevening ni tapeli, kwa kuwa kuomba ni bure.

Je, atarudi Mtowisa?

Ajira nyingi za fani hii ziko Dar es Salaam na Dodoma, kwenye maghorofa na kampuni za ushauri. Mhitimu hatakuta ofisi yenye jina lake ikimsubiri bondeni.

Lakini vituo vingi vya afya hujengwa kwa mfumo wa 'force account', ambapo halmashauri hununua vifaa na kuajiri mafundi wa eneo husika badala ya mkandarasi. Mfumo huo unapunguza gharama, na unafanya jicho la mtaalamu wa mifumo lihitajike zaidi, kwa kuwa fundi hujenga kile alichopewa kwenye ramani. Mtaalamu mmoja mkoani anaweza kupitia ramani za vituo kadhaa kabla msingi haujachimbwa.

Rukwa inaujua mfano wa mtu aliyesoma mbali akaja kuhudumia pembezoni. Hospitali ya Dk Atiman mjini Sumbawanga ina jina la Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea utabibu Malta na kufika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Elimu yake ilipatikana ng'ambo ya bahari, lakini waliofaidika nayo walikuwa akina mama na watoto wa ukanda huu.

Anzeni nyumbani

Mzazi hahitaji kusubiri mhandisi ili aanze kutumia elimu hii. Chumba anacholala mtoto kiwe na madirisha mawili yanayotazamana, na yafunguliwe kila asubuhi. Jiko la kuni au mkaa lisiwashwe chumba cha kulala, hata usiku wa baridi ya Ufipa, kwa sababu moshi wa mkaa huua bila kelele. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kisiwe upande wa juu wa mteremko.

Mtoto mwenye kipaji cha fani hii hujionyesha mapema. Ndiye anayeuliza kwa nini bomba la mwisho halitoi maji, au kwa nini chumba kimoja ni cha moto kuliko kingine. Badala ya kumwambia aache udadisi, mpe ndoo na rula apime mwenyewe.

Na siku atakaporudi na barua ya chuo akisema anataka kusomea mifumo ya majengo, muulize maswali ya maana: atafanya kazi wapi kwanza, nani atalipa, na atarudi na nini. Akiwa na majibu, mwache aende. Kuna mama atakayejifungua usiku mahali fulani bondeni, na bomba la chumba hicho litatakiwa kutoa maji.