Hapa napumulia wapi?

(Mwanzo 2:7, 1 Wakorintho 14:7-8)

Sisi Wamoravian tuna desturi ya kukutana makaburini alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijachomoza. Ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na wamisionari waliofika Urambo mwaka 1898 ni wa kanisa hilohilo. Mwaka jana, hapa Tabora, nilitaka bendi yetu ya matarumbeta isiishie kwenye tenzi tulizozoea. Nikaamua kutunga muziki mzito wa dakika nane, usio na maneno, wa kusikilizwa tu watu wakiwa wamesimama kati ya misalaba. Baba yangu amelala pale.

Nyumbani sina bendi. Nina kompyuta na MuseScore, programu inayopatikana bure. Unaandika nota, yenyewe inakupigia. Na si sauti za kubuni: mpigaji halisi aliingia studio akapiga nota mojamoja, kwa nguvu na kwa upole, zikarekodiwa, kompyuta inazichukua sampuli hizo na kuziunganisha kama ulivyoandika. Nota ikitakiwa kuwa ndefu, kipande chake cha katikati kinarudiwarudiwa hata ukichoka wewe.

Miezi mitatu nilikesha nazo. Besi niliiandika isikatike tangu mwanzo hadi mwisho, mfano wa umilele. Kwenye spika ilipendeza hadi machozi yakanitoka. Nakiri, nilianza kujiona Bach wa Tabora.

Siku ya mazoezi mpiga tuba wetu, fundi baiskeli wa makamo, alifika mstari wa tatu akaitoa tuba mdomoni. Akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, hapa napumulia wapi?”

Nikapekua karatasi. Kurasa sita, hakuna kituo hata kimoja. Kompyuta haikunionya, ingenionyaje, na haina mapafu?

Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hata vitu visivyo na uhai vinavyotoa sauti, visipoitofautisha, havieleweki. Na baragumu likilia ovyo, hakuna ajiandaaye kwa vita. Siku zote nililichukua neno hilo kuwa onyo kwa wapigaji. Usiku ule lilinigeukia mimi mtunzi. Nikawakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi, waliopita hapa kati ya Bagamoyo na Ujiji, kirangozi akiwa mbele, na ngoma, na baragumu la pembe ya tandala. Mtu mwenye jino la ndovu begani, baragumu lisilonyamaza lingemwambia nini? Ainuke, au atue mzigo?

Mwenyezi Mungu alipompulizia Adamu pumzi puani, hakumpa ya kutumia mara moja maisha yote. Alimpa ya kuvuta na kutoa, kuvuta na kutoa. Mimi nilimwandikia fundi baiskeli kana kwamba ameumbwa studio.

Nikaandika upya. Dakika nane zikawa tano. Besi nikawagawia wawili wapokezane, na katikati nikaacha kimya kirefu kwa bendi nzima. Kwenye kompyuta kimya kile kilisikika kama umeme umekatika, nikakaribia kukifuta.

Alfajiri ya Pasaka tulikifikia kungali giza. Jogoo aliwika upande wa mjini. Kisha nikasikia, karibu na kaburi la baba, watu kumi na wanne wakivuta pumzi kwa pamoja, na tuba ikaingia.