Watoto Wetu Wapewe Mahali pa Kucheza

Maboti yatokayo Ukerewe, Ukara na visiwa vingine hushusha dagaa Mwaloni Kirumba, na papo hapo shughuli za kupakua, kupima na kuuza huanza. Kina mama ni nguzo ya kazi hiyo, kama walivyo wenzao wa visiwani ambao huwa wameanza kuanika tangu alfajiri. Wengi huuliza bei ya gunia. Ni wachache waulizao swali jingine: saa hizo zote, mtoto wa miaka mitatu au minne, ambaye hajafikia umri wa kwenda shule, yuko wapi na anacheza nini?

Jibu twalijua. Aghalabu yuko na wenzake ufukweni, kwa kuwa huko ndiko kwenye mchanga na nafasi. Ziwa limetulea sote, lakini halimhurumii mtoto asiyeangaliwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watoto wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaokufa maji kwa kiwango kikubwa kuliko watu wa umri mwingine wowote. Tena hata mtoto anayetoka majini salama anaweza kutoka na kichocho.

Hatusemi watoto wakatazwe kucheza. La hasha! Mchezo ndio shule ya kwanza ya mtoto, na mchezo wa kundi humfunza yale asiyoweza kujifunza akiwa peke yake. Tutazame michezo tuliyoikuta kwa wazee wetu. Katika ukuti, watoto hushikana mikono na kuzunguka duara wakiimba, na kila mmoja hujifunza kwenda kwa hatua ya wenzake. Katika paka na panya, walio kwenye duara huinua mikono ili panya apite, na kuishusha ili kumzuia paka. Hapo mtoto huanza kuonja raha ya kumkinga mnyonge.

Upo pia mchezo wa nyama, ambapo kiongozi hutaja wanyama, na watoto huruka anapotajwa anayeliwa. Visiwani mchezo huo waweza kuchezwa kwa samaki: kiongozi akitaja sato, sangara au furu, wote waruke, akitaja kasia au jiwe, watulie. Masikio, miguu na akili hufanya kazi pamoja. Ila kwa watoto wa umri huu haifai kumtoa aliyekosea. Aachwe aendelee, maana anayehitaji kujifunza ndiye huyo huyo. Kadhalika wapewe nafasi ya kuigiza soko: kokoto ziwe fedha, majani yawe dagaa, na hesabu itaingia bila kiboko. Gharama ya yote haya ni kamba, mpira wa matambara na mtu mzima mwenye subira.

Kinachokosekana, basi, ni mahali na mwangalizi. Nchini Bangladesh, ambako mito na madimbwi ni mengi, vilianzishwa vijijini vituo vya kuwaangalia watoto wadogo saa ambazo wazazi wako kazini, na vifo vya maji vikapungua sana miongoni mwa watoto waliopelekwa huko. Sisi nasi tunaweza.

Kwa viongozi wetu, jambo hili si hisani. Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya mtoto ya kucheza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa haki ya kupumzika na kujiburudisha. Tunawaomba watendaji wa kata, maafisa ustawi wa jamii na viongozi wa mialo watenge katika kila mtaa na kila mwalo eneo dogo lenye kivuli, lililo mbali na maji na lenye uzio hata wa mabanzi. Kirumba inasifika nchini kwa kiwanja chake kikubwa cha mpira. Hatuombi kingine cha namna hiyo. Tunaomba mahali ambapo watoto ishirini wanaweza kushikana mikono na kuzunguka.

Nao wazazi wasingoje barua kutoka ofisini. Wanaofanya kazi pamoja mwaloni wanaweza kupeana zamu, mmoja akabaki na watoto wa wote, naye asipoteze riziki ya siku hiyo kwa kuwa wenzake watamfanyia sehemu yake. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi watu wa ziwa twaujua ukweli wa methali hiyo kuliko wengine. Lakini ili mtoto akunjwe, sharti kwanza jioni imkute yu hai.