Nusu Iliyovunjika: Jinsi Mbegu za Madume Zilivyommaliza Mbung'o Unguja

Ng'ombe anayefungwa chini ya minazi ya Bububu, kaskazini ya Mji wa Zanzibar, leo hasumbuliwi na mbung'o. Miaka 40 iliyopita mfugaji wa Unguja hakuwa na raha hiyo. Mbung'o aina ya Glossina austeni, ambaye ngome yake kuu ilikuwa msitu wa Jozani, alieneza nagana, maradhi yanayoipunguzia mifugo damu, yanayokata maziwa na kuharibu mimba. Sumu peke yake haikummaliza. Alimalizwa kwa kuharibiwa mbegu za madume wake.

Ili kufahamu vipi, tuanze na fahali. Karibu kila seli ya mwili wake ina kromosomu 60: 30 za baba na 30 za mama. Lau mbegu yake ingebeba zote 60, na yai la jike nalo 60, ndama angezaliwa na 120 na mjukuu 240. Mgawanyiko wa seli uitwao meiosisi ndio unaozuia hayo.

Kazi hufanyika ndani ya korodani, katika vijirija vyembamba vilivyojikunja. Seli hunakili kwanza DNA yake yote. Kisha kila kromosomu ya baba hujipanga ubavuni mwa mwenzake wa mama, nazo hubadilishana vipande. Mgawanyiko wa kwanza huwatenga wenza hao. Wa pili hutenga nakala. Seli moja imekuwa nne, kila moja na kromosomu 30. Na kwa kuwa kila jozi hugawanyika kivyake, fahali mmoja anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya bilioni 1, hata kabla ya kuhesabu vipande vilivyobadilishwa. Ndiyo maana ndama wa baba mmoja na mama mmoja hutofautiana.

Seli hizo nne bado ni duara na haziwezi kuogelea. Huikaza DNA kichwani, huota mkia na kutupa karibu kila kilichobaki. Kwa fahali, safari nzima huchukua takriban siku 61.

Mbung'o dume hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo mapema, akiwa bado pupa ardhini. Anapotoka, mbegu nyingi ziko tayari. Mbegu iliyokomaa ni nyepesi na ina mbio, lakini imekwisha kutupa vifaa vya kutengeneza DNA iliyokatika. Hapo ndipo wataalamu walipopiga. Ukimweka dume kwenye mionzi ya gama, DNA ya mbegu zake hukatika vipande, ilhali mkia unaendelea kufanya kazi. Mbegu hufika kwenye yai na kuingia, kisha kiinitete hufa. Kipimo kinataka uangalifu: mionzi ikizidi, dume hudhoofika na hapati jike, ikipungua, anabaki na uwezo wa kuzaa.

Kwanza mbung'o walipunguzwa kwa vitambaa vilivyotiwa dawa na kwa dawa iliyopakwa migongoni mwa ng'ombe. Kuanzia 1994, madume waliofugwa na kupigwa mionzi Tanga, kwa msaada wa FAO na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, walimwagwa kutoka ndege ndogo juu ya Unguja. Jumla yao ilipita milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena.

Maumbile ya jike yalisaidia. Kwa kawaida hupandwa mara moja tu, huhifadhi mbegu hizo maisha yake yote, na huzaa buu mmoja mmoja, kila baada ya siku 9 au 10. Akikutana na dume tasa, uzazi wake mdogo hupotea wote. Bahari nayo ilisaidia, kwani ilizuia mbung'o wapya wasivuke. Bara, ambako vichaka vyenye mbung'o hupakana, upande mmoja ukisafishwa, mbung'o huweza kuuingia tena kutoka upande wa pili, na mbinu hiyo hiyo hudai eneo kubwa zaidi na miaka mingi zaidi.