Wastani, varianzi na x: swali moja, mada mbili za mtihani

Umefungua karatasi ya mtihani. Swali la takwimu linaanza vizuri, mara katikati linatokea x yenye kipeo cha pili na alama ya ≤. Wengi hapo ndo wanaruka swali. Usiruke. Leo tulifanye pamoja, hatua kwa hatua.

Anza na mama lishe anayenunua maziwa ya chai kwa wauzaji wawili. Kwa siku tatu, wa kwanza kaleta lita 7, 7 na 7. Wa pili kaleta lita 1, 7 na 13. Piga wastani: wote wawili ni lita 7. Lakini ukimuuliza mama, atakwambia hao watu si sawa hata kidogo. Siku ya lita 1 wateja wamekosa chai, na siku ya lita 13 maziwa yamechacha.

Kwa hiyo wastani peke yake hautoshi. Tunahitaji kipimo cha namba zinavyotawanyika, nacho ni varianzi. Chukua kila namba, toa wastani, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha tafuta wastani wa hayo majibu. Kwa muuzaji wa pili: tofauti ni −6, 0 na 6, miraba yake ni 36, 0 na 36, jumla 72, gawanya kwa 3, unapata 24. Kwa yule wa kwanza ni 0. Ukitafuta kipeuo cha pili cha 24 unapata karibu 4.9, yaani mkengeuko sanifu wa lita 4.9.

Kwa nini tunatafuta miraba? Kwa sababu bila hivyo −6 na 6 zinafutana, na tunabaki na sifuri inayodanganya.

Kuna njia ya mkato: varianzi ni wastani wa miraba ya namba zenyewe, toa mraba wa wastani. Jibu lake haliwezi kuwa hasi kamwe. Ukipata hasi, rudi nyuma, kuna mahali umekosea.

Sasa swali lenyewe. Muuzaji wa tatu kaleta lita 5, 7 na 9. Siku ya nne ataleta lita x. Mama anataka varianzi ya siku zote nne isizidi 5. Je, x iwe kati ya ngapi na ngapi?

Jumla ya miraba ni 25 + 49 + 81 + x², yaani 155 + x². Wastani ni (21 + x)/4. Kwa njia ya mkato:

(155 + x²)/4 − (21 + x)²/16 ≤ 5

Zidisha kila kitu kwa 16:

620 + 4x² − (441 + 42x + x²) ≤ 80

Kusanya, hamisha 80, kisha gawanya kwa 3:

x² − 14x + 33 ≤ 0

Tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 33 na zikijumlishwa zinatoa 14. Ni 3 na 11. Kwa hiyo:

(x − 3)(x − 11) ≤ 0

Hapa ndipo alama zinapopotea. Mwanafunzi anaandika “x ≤ 3 au x ≤ 11”, kama vile alama ya ≤ ni ya = iliyopinda. Hapana. Swali linauliza: zao la mabano mawili ni hasi au sifuri wapi? Ili zao liwe hasi, bano moja liwe hasi na lingine chanya. Chora mstari wa namba, weka 3 na 11, kisha jaribu namba moja kila upande:

x = 0: (−3)(−11) = 33, chanya, haifai.
x = 5: (2)(−6) = −12, hasi, inafaa.
x = 20: (17)(9) = 153, chanya, haifai.

Jibu: 3 ≤ x ≤ 11. Hakikisha kwa ncha: 5, 7, 9 na 11 zina wastani 8, miraba ya tofauti ni 9, 1, 1 na 9, jumla 20, gawanya kwa 4 unapata 5. Imekaa.

Halafu angalia kitu kizuri. Katikati ya 3 na 11 ni 7, na 7 ndiyo wastani wa 5, 7 na 9. Si bahati. Namba mpya inaongeza mtawanyiko kadiri inavyokaa mbali na wastani wa wenzake, iwe juu au chini. Ndiyo maana mchoro wake ni kama bakuli, chini kabisa pakiwa kwenye 7, na ndiyo maana jibu lina ncha mbili. Kwenye swali la aina hii, kama ncha mbili ulizozipata kwa aljebra hazijakaa sawasawa kuzunguka wastani wa namba ulizopewa, kuna mahali umekosea.

Sasa zamu yako. Badilisha 5 ya mama iwe 14, ufanye upya. Ncha moja itatoka ya ajabu kidogo. Kabla ya kuandika jibu, kumbuka kwamba x ni lita za maziwa. Kisha ijaribu na 1, uone kwa nini mama hawezi kuipata kwa kiasi chochote cha maziwa.